Msaada ibukizi

Msaada ibukizi ni maelezo mafupi yanayojitokeza kwenye skrini ya kompyuta, simu au kishikwambi ili kumsaidia mtumiaji wa programu papo hapo anapofanya kazi. Kwa kawaida huonekana ndani ya kisanduku au kiputo kidogo karibu na kitu kinachoelezwa, kama vile kitufe, aikoni au nafasi ya kujaza, kisha hutoweka mtumiaji anapoendelea. Tofauti na kitabu cha mwongozo, msaada huo haumlazimu mtu kuacha kazi yake na kwenda kutafuta jibu mahali pengine.

Usanifu wa msaada ibukizi ni sehemu ya usanifu wa kiolesura, yaani sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa. Msanifu huamua maelezo yatokee wapi, wakati gani, kwa maneno yapi na yaondoke vipi. Uamuzi huo una uzito zaidi mahali ambapo mtumiaji hana mtaalamu wa kumuuliza. Katika kata za vijijini kama Kituntu, wilayani Karagwe katika Mkoa wa Kagera, Tanzania, karani, mwalimu au mhudumu wa zahanati anayejaza taarifa kwenye mfumo anaweza kuwa mbali na fundi wa kompyuta. Hapo maandishi machache ya skrini ndiyo mwalimu aliye karibu.

Jina

Neno "ibukizi" limetokana na kitenzi "kuibuka", yaani kutokea ghafla. Hutumika pia katika "dirisha ibukizi", ambalo ni dirisha lolote linalojitokeza juu ya dirisha lingine. Madirisha ibukizi ya matangazo yamewachosha watumiaji wengi wa intaneti, hata vivinjari vya kisasa vikawekewa uwezo wa kuyazuia. Msaada ibukizi ni jambo tofauti: haumwuzii mtu kitu, bali unamweleza alichokusudia kukifanya. Hata hivyo unarithi lawama ya jamaa zake, kwa kuwa mtumiaji aliyezoea kufunga matangazo anaweza kuufunga bila kuusoma.

Maelezo mafupi sana ya kitu kimoja huitwa pia "kidokezo".

Historia

Programu za awali ziliambatana na vitabu vizito vya maelekezo. Katika miaka ya 1980 mtafiti John M. Carroll wa kampuni ya IBM, pamoja na wenzake, alichunguza namna watu wanavyojifunza kutumia kompyuta ofisini. Walibaini kwamba watu wengi hawasomi mwongozo kwanza. Huanza kazi mara moja, hujaribu, hukosea, na hutafuta msaada wakiwa tayari wamekwama. Mwaka 1987 Carroll na Mary Beth Rosson waliandika kuhusu tabia hiyo, na mwaka 1990 Carroll alitoa kitabu kinachotetea maelekezo mafupi yanayoanzia kwenye kazi ya mtumiaji mwenyewe. Hoja hiyo imebaki kuwa msingi wa msaada ibukizi hadi leo.

Mwaka 1991 kampuni ya Apple ilitoa mfumo wa uendeshaji wa System 7 kwa kompyuta za Macintosh, ukiwa na msaada wa viputo vilivyofanana na vile vya maneno katika vitabu vya katuni. Mtumiaji alipouwasha na kuelekeza kipanya kwenye kitu, kiputo kilitokea na kukieleza. Wazo lilipendwa, lakini utekelezaji ulisumbua: kila kielekezi kilipopita, kiputo kilifunguka, hata juu ya vitu ambavyo mtumiaji alivijua vizuri. Wengi waliuzima.

Microsoft ilichukua njia ya maneno machache zaidi. Katika programu zake za ofisi za miaka ya 1990, na baadaye katika Windows 95, kielekezi kilipotulia juu ya kitufe kwa muda mfupi, jina la kitufe hicho lilionekana. Kule kusubiri kidogo kulitatua sehemu kubwa ya kero, kwa sababu mtu anayepita haraka hakuona kitu, na anayesita alipata jibu.

Katika Office 97 kampuni hiyohiyo iliweka msaidizi wa katuni aliyejulikana zaidi kwa umbo la kibanio cha karatasi. Msaidizi huyo alikisia kazi inayofanywa na kujitokeza bila kuitwa. Alilalamikiwa sana, akazimwa kama chaguo la kawaida katika Office XP ya mwaka 2001, na akaondolewa kabisa katika Office 2007. Kisa chake hutajwa mara nyingi darasani kama mfano wa msaada unaokatiza kazi badala ya kuiendeleza.

Kuenea kwa simujanja baada ya mwaka 2007 kulileta tatizo jipya. Skrini ya kugusa haina kielekezi cha kipanya, hivyo hakuna "kutulia juu ya kitufe". Wasanifu walihamia kwenye alama ndogo ya kuuliza inayoguswa, kubonyeza kwa muda mrefu, au maelezo yanayokaa chini ya nafasi ya kujaza muda wote.

Aina

Msaada ibukizi hugawanywa katika aina kadhaa kulingana na namna unavyoonekana:

- Kidokezo cha kuelekeza: hutokea kielekezi kinapotulia juu ya kitu. Hufaa kwa jina la aikoni au maelezo ya maneno machache.
- Kiputo cha kuitwa: hufunguka mtumiaji anapogusa alama ya kuuliza. Kinaweza kubeba sentensi mbili au tatu na mfano.
- Ziara ya mwanzo: mfululizo wa viputo unaomtembeza mtumiaji mpya siku ya kwanza.
- Ujumbe wa kosa: hutokea taarifa iliyojazwa inapokuwa na kasoro. Ndiyo aina ya msaada inayosomwa kwa makini zaidi, kwa sababu mtumiaji hawezi kuendelea bila kuielewa.
- Uthibitisho: hutokea kabla ya tendo lisiloweza kurudishwa nyuma, kama kufuta kumbukumbu au kutuma pesa.

Kanuni za usanifu

Swali la kwanza la msanifu ni kama msaada wenyewe unahitajika. Kitufe ambacho kila mtu anakiuliza pengine kina jina baya, na kubadili jina ni bora kuliko kuongeza kiputo cha kulifafanua. Msaada ibukizi ukihitajika, kanuni zifuatazo hufuatwa na wasanifu wengi.

Kujibu swali halisi. Kidokezo kinachorudia jina la kitufe hakisaidii. Kitufe cha "Funga hesabu" kikielezwa kwa maneno "Hufunga hesabu", mtumiaji hajapata kitu. Anachotaka kujua ni kitakachotokea baada ya kubonyeza: je, ataweza kurekebisha makosa ya jana, au hesabu hazitafunguka tena?

Ufupi. Sentensi moja au mbili zinatosha. Jambo la lazima huwekwa mwanzoni, kwa kuwa watu wengi husoma maneno ya kwanza tu.

Kusema la kufanya. Ujumbe wa kosa unaosema "Ingizo batili" humwacha mtu palepale. Ujumbe unaosema "Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20. Umeandika 19" unaonyesha tatizo na dawa yake kwa pamoja. Hauhitaji pia kumlaumu mtumiaji. Kilicho pungufu ni namba, si mtu.

Kutoziba kazi. Kiputo kisifunike nafasi inayojazwa wala maneno ambayo mtumiaji anatakiwa kuyanakili.

Kuondoka na kurudi. Mtumiaji aweze kuufunga msaada kwa tendo moja, na kuufungua tena siku nyingine. Ziara ya mwanzo inayoonekana mara moja tu haimfai mtu anayetumia programu kwa msimu.

Kutotumia neno la siri kwa siri. Jambo ambalo kila mtumiaji lazima alijue lisifichwe ndani ya kiputo. Liandikwe wazi kwenye ukurasa, na kiputo kibaki kwa ajili ya ziada.

Ufikivu

Shirika la viwango vya wavuti la W3C lilitoa toleo la 2.1 la mwongozo wake wa ufikivu mwezi Juni 2018. Kigezo chake namba 1.4.13 kinahusu maudhui yanayotokea kielekezi kinapopita juu ya kitu au kitu kinapochaguliwa kwa kibodi. Kinataka mambo matatu: mtumiaji aweze kuyaondoa bila kuhamisha kielekezi, aweze kupeleka kielekezi juu ya maudhui hayo bila yenyewe kutoweka, na yabaki hadi atakapoyaondoa au yatakapokuwa hayana maana tena.

Sharti la pili lina sababu ya wazi. Mtu mwenye uoni hafifu hukuza skrini, na kiputo kikubwa hakionekani chote kwa pamoja. Lazima asogeze kielekezi ili asome mwisho wa sentensi, na kiputo kinachotoweka kila akisogea hakisomeki. Vilevile msaada unaotegemea kipanya pekee haumfikii asiyeona anayetumia kibodi na programu ya kusoma skrini.

Masuala ya lugha ya Kiswahili

Programu za kompyuta zilianza kupata sura ya Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 21. Mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows XP na Office 2003. Kazi hizo zilionyesha kwamba kutafsiri msaada si kubadilisha neno kwa neno.

Tatizo la kwanza ni ngeli. Waandishi wa programu hupenda kuunganisha vipande vya sentensi: jina la kitu huwekwa mwanzoni na maneno yaleyale hufuata. Katika lugha isiyo na upatanisho wa ngeli jambo hilo hupita. Katika Kiswahili, "Ujumbe umetumwa", "Picha imetumwa" na "Kiambatisho kimetumwa" ni sentensi tatu tofauti, na wingi wake ni tofauti tena. Programu inayotumia "imetumwa" kwa vyote huandika Kiswahili kibovu. Suluhisho ni kuandika kila ujumbe mzima peke yake.

Tatizo la pili ni istilahi. Neno la kumtambulisha mtumiaji kwa siri huitwa nywila katika programu moja na nenosiri katika nyingine. Kanuni ni kutumia neno lilelile lililo kwenye kitufe. Kama kitufe kimebaki na jina "Save", msaada unaosema "bofya Hifadhi" humfanya mtumiaji atafute kitufe kisichokuwepo.

Tatizo la tatu ni saa. Wasemaji wa Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo, hivyo saa mbili asubuhi ni 08:00 katika mfumo wa kimataifa. Nafasi yenye neno "Saa" pekee inaweza kujazwa 2:00 na mtu mmoja na 08:00 na mwingine, wote wakimaanisha wakati uleule. Katika kumbukumbu za zahanati, ambako saa ya kuzaliwa mtoto au ya kutoa dawa huandikwa, tofauti ya saa sita ni kosa kubwa. Kidokezo cha "Tumia saa 24. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00" huondoa utata huo kwa mstari mmoja.

Mfano: kupokea kahawa Kituntu

Mfano ufuatao ni wa kufikirika, lakini unatokana na mazingira halisi ya Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012. Kahawa ya robusta ni zao kuu la biashara huko, pamoja na migomba ambayo ni chakula cha kila siku. Wakulima huuza kahawa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo huitwa kwa kawaida AMCOS. Kahawa hutajwa kwa namna mbili: maganda, yaani kahawa iliyokaushwa bila kukobolewa, na kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa. Robusta ikikobolewa hutoa takriban nusu ya uzito wa maganda.

Tuseme chama cha msingi katika kata ya Kituntu kinatumia programu ya kishikwambi kupokea mazao. Ukurasa una nafasi ya jina la mkulima, aina ya kahawa, uzito na bei. Nafasi ya uzito imeandikwa "Uzito" tu. Karani mpya ana maswali matatu ambayo neno hilo halijibu: je, gunia limo au limetolewa? Ni uzito wa maganda au wa kahawa safi itakayopatikana? Nusu kilo iandikwe vipi?

Madhara ya kukisia ni ya pesa. Karani akiandika kilo 100 za maganda kuwa kilo 100 za kahawa safi, daftari litaonyesha mzigo ulio karibu mara mbili ya ule uliopo, na ghala litakapohesabiwa upungufu utamrudia yeye. Akikosea upande wa pili, mkulima aliyeleta kahawa safi atalipwa bei ya maganda kwa jasho la mwaka mzima.

Msanifu angeanza na jina la nafasi yenyewe: "Uzito bila gunia, kwa kilo". Aina ya kahawa ingewekwa kabla ya uzito, bila chaguo lililojazwa tayari, ili karani alazimike kuchagua. Alama ya kuuliza kando ya nafasi ingefungua kiputo: "Toa uzito wa gunia kwanza. Nusu kilo andika 0.5." Karani akiandika uzito mkubwa kupita kawaida, ujumbe ungemwuliza kama ana uhakika, bila kumzuia, kwa kuwa huenda mkulima huyo ana shamba kubwa kweli.

Hatua ya mwisho ni uthibitisho. Mkulima haioni skrini; anamwona karani tu. Kwa hiyo kisanduku cha uthibitisho kinafaa kuandikwa kama sentensi inayoweza kusomwa kwa sauti: jina, aina ya kahawa, kilo na fedha atakazolipwa. Karani anaweza kukisoma kwa Kiswahili, au kukieleza kwa Kinyambo kama mkulima ni mzee anayeisikia vizuri zaidi lugha hiyo, kisha akabonyeza. Msaada wa namna hii unahudumia watu wawili kwa wakati mmoja.

Kahawa pia ina msimu. Karani aliyejifunza programu mwaka uliopita anaweza kukaa miezi kadhaa bila kuigusa, na wakati mwingine nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Ndiyo maana viputo vya kuitwa humfaa kuliko ziara ya siku ya kwanza. Maandishi yake pia yanafaa kuhifadhiwa ndani ya programu yenyewe, si kwenye tovuti, ili yafunguke hata mtandao ukiwa hafifu au kifurushi kikiwa kimekwisha.

Huduma za pesa kwa simu

Mfano wa msaada ibukizi unaofahamika zaidi Afrika Mashariki hauko kwenye kompyuta. Huduma ya M-Pesa ilianzishwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Simu za kawaida hutumia menyu za USSD, ambazo kila ukurasa wake hauzidi herufi 182. Hakuna nafasi ya kiputo, hivyo kila neno la menyu hubeba kazi ya msaada.

Kutuma pesa kwa namba isiyo sahihi kulikuwa tatizo la tangu mwanzo, kwani tarakimu moja ikikosewa pesa humfikia mtu mwingine. Safaricom iliongeza huduma inayoitwa Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa nafasi ya kusitisha. Kuonyesha jina kabla ya kukamilisha muamala kumekuwa jambo la kawaida pia Tanzania. Mtu hakumbuki tarakimu kumi kwa urahisi, lakini anajua jina la shangazi yake. Huo ni msaada mzuri kwa sababu unaleta taarifa ambayo mtumiaji anaweza kuipima kwa akili yake mwenyewe.

Hata hivyo una mipaka. Matapeli wanaotuma ujumbe wa kuomba "ile pesa" itumwe kwenye namba nyingine walijifunza kuongeza kwamba jina litakalotokea ni la fulani. Mtumaji huliona jina geni, lakini ameshaandaliwa kulikubali. Uthibitisho huzuia kosa la kidole. Hauwezi peke yake kumzuia mtu aliyekwisha kushawishiwa.

Majaribio

Msaada ibukizi hupimwa kwa kuwatazama watumiaji wenyewe wakifanya kazi halisi. Mwaka 2000 mtaalamu Jakob Nielsen alieleza kwamba jaribio la watu watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo ya kiolesura, na kwamba ni bora kurudia majaribio madogo kuliko kufanya moja kubwa. Mtazamaji hatakiwi kusaidia. Huandika ni wapi mtu alisita, neno lipi alilirudia kwa sauti, na kiputo kipi alikifunga bila kukisoma.

Mahali pa jaribio pana maana. Programu iliyopimwa ofisini Dar es Salaam, kwenye skrini kubwa na kivulini, inaweza isisomeke nje juani kando ya mizani. Maswali ambayo watu humpigia simu fundi ni chanzo kingine cha maarifa: swali linalorudiwa kila wiki linaonyesha mahali ambapo maneno ya skrini hayatoshi.

Majaribio huonyesha pia viputo vinavyostahili kuondolewa. Pale ambapo jina la nafasi limerekebishwa na hakuna mtu anayesita tena, kiputo chake kimemaliza kazi.